Kichupa cha "usingizi wa delta": jina lilitangulia, ushahidi haujafika

Shemeji yangu anafanya posti ya usiku, yaani zamu ya usiku, kwenye mgodi mmoja upande wa Likasi. Mwezi uliopita alinitumia picha kwa WhatsApp: kichupa cha kioo chenye kizibo cha bluu, ndani yake unga mweupe usiojaza hata ncha ya kijiko. Chini ya picha aliandika: "Shemeji, hii kitu ni ya kweli? Banasema inarudishaka usingizi ya nguvu. Unajichoma ku tumbo mbele ya kulala." Bei, dola 60. Kwenye karatasi ya kichupa zilisomeka herufi nne, DSIP, na chini yake, kwa maandishi ya sisimizi, onyo kwamba kitu hicho ni cha utafiti wa maabara, si cha kutumiwa na binadamu.

Tangu siku hiyo nimelisikia swali lilelile mara mbili tena hapa Lubumbashi, mara moja ndani ya kombi ya kwenda Katuba na mara moja nje ya kanisa. Mmoja aliniambia ni vitamini. Mwingine alishikilia kwamba ni homoni. Wa tatu alikuwa na hakika ni dawa mpya ya usingizi iliyokubaliwa Marekani. Wote watatu wamekosea, ila siwalaumu hata kidogo. Wanaouliza si wajinga. Ni watu waliochoka, na mtu aliyechoka miezi mingi ana haki ya kupata jibu lililonyooka.

Kitu cha kwenye kichupa ni peptidi, na jina lake linadai kwamba inaleta usingizi wa delta. Tuanze na neno peptidi. Protini za mwili wetu zimeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, navyo viko vya aina 20. Vichukulie kama herufi. Ukipanga mamia ya herufi unapata protini, sawa na ukurasa mzima. Ukipanga chache unapata peptidi, sawa na neno au sentensi fupi. Insulini, ambayo wagonjwa wa kisukari wamekuwa wakichomwa tangu 1922, ni ya ukoo huo na ina herufi 51. DSIP ina tisa tu. Peptidi nyingi mwilini hufanya kazi ya utume: hutoka mahali pamoja, husafiri, hufika mahali pengine, na huko lazima pawe na kipokezi, yaani sikio linaloelewa neno hilo. Pasipo na sikio, mtume anapita bila kusikilizwa. Likumbuke hilo sikio, maana tutalirudia.

Peptidi, basi, si jina la dawa fulani. Ni jina la umbo. Mtu akikuambia "natumia peptidi" ni kama amekuambia "nimekunywa kitu cha majimaji". Maji ya kisima ni ya majimaji, na petroli vilevile.

Sasa hiyo delta. Nenda usimame nje ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, saa nne asubuhi, macho umefumba. Kila muuzaji anasema lake, kila mnunuzi anabishania bei yake, na wewe uliye nje unasikia mvumo mmoja mwembamba, wa haraka, usiokatika. Kisha siku ya mechi nenda Kamalondo, simama nje ya uwanja wa TP Mazembe wakati mashabiki wanapiga makofi kwa pamoja. Kofi, kimya. Kofi, kimya. Watu ni wengi, lakini sauti ni moja, kubwa, ya polepole. Ubongo ulio macho ni soko. Ubongo ulio katika usingizi mzito ni uwanja: mamilioni ya seli hunyamaza pamoja na kuamka pamoja, na mashine inayosikiliza kwa waya zilizobandikwa kichwani huchora mawimbi marefu, yasiyofika manne kwa sekunde. Hayo ndiyo mawimbi ya delta. Mtu wa kwanza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa njia hiyo alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, huko Jena mwaka 1924.

Usingizi wa delta haukai usiku kucha. Tunalala kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Kila mmoja huanza na usingizi mwepesi, huzama, kisha hupanda hadi kwenye usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Sehemu kubwa ya kuzama iko kwenye theluthi ya kwanza ya usiku. Mtu mzima mwenye afya hupata kama sehemu moja ya tano ya usiku katika hali hiyo, mara nyingi pungufu, na kiasi hupungua kadiri umri unavyosonga. Mzee wa miaka 70 akitaka usingizi mzito wa mjukuu wake wa miaka 20 anadai kitu ambacho mwili hautoi tena, na hilo peke yake si ugonjwa. Ni wakati wa kuzama huko ambapo homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi kwenye damu, na ukimwamsha mtu hapo atakutazama kama hakujui.

Hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Tunasema mtu ana usingizi mzito akiwa haamki hata radi ipige. Watu wa pwani wanauita usingizi wa pono, kwa jina la samaki. Lakini asiyeamka kwa kelele si lazima awe katika delta, na anayelala saa kumi si lazima awe amezama ipasavyo. Wapo wanaokoroma hadi majirani wanawasikia, watu wakadhani wanafaidi, kumbe pumzi inakatika mara nyingi kila saa na ubongo unaamshwa kila inapokatika. Huyo anatoka kitandani amechoka kuliko alivyoingia.

Ndoto ya kupata kitu kinacholeta usingizi ni ya zamani kuliko hiki kichupa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kuniomi Ishimori huko Japani na Henri Piéron huko Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, waliwakesheza mbwa kwa siku nyingi, wakachukua majimaji yanayouzunguka ubongo, wakayadunga kwa mbwa waliokuwa wamepumzika vizuri. Mbwa hao wakalala. Wazo likazaliwa: kukesha hujaza kichwani dutu fulani, na dutu hiyo ndiyo inayotuangusha.

DSIP ni mjukuu wa wazo hilo. Katika mji wa Basel, Uswisi, Marcel Monnier na Guido Schoenenberger walifanya kazi na sungura. Walimchokoza sungura kwa umeme hafifu kwenye thalamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, mpaka akalala. Wakachuja damu yake iliyokuwa inatoka kichwani. Wakachukua kilichopita kwenye kichujio na kukiingiza ndani ya ubongo wa sungura wa pili, na mawimbi ya delta yakaongezeka. Miaka ikapita wakitenganisha na kutenganisha tena, hadi mwaka 1977 walipotangaza mpangilio kamili wa zile herufi tisa. Wakaipa jina la kazi waliyotarajia iifanye: peptidi inayoleta usingizi wa delta. Herufi nne za kwenye kichupa ni kifupi cha jina hilo kwa Kiingereza.

Nakuomba usome tena maneno mawili: *ndani ya ubongo*, na *sungura*. Shemeji anaambiwa achome tumboni, naye ni mtu wa kilo 80. Peptidi fupi kama hii ikiingia kwenye damu hukutana na vimeng'enya vinavyoikatakata, na muda wake wa kuishi huhesabiwa kwa dakika. Ni kweli yapo majaribio ya wanyama yaliyoonyesha kwamba kiasi fulani kinaweza kupenya hadi kwenye ubongo. Lakini kutoka kupenya hadi kumlaza mtu mzima usiku mzima ni safari ndefu, na safari hiyo hakuna aliyeionyesha.

Na lile sikio? Karibu miaka 50 baada ya jina kutolewa, kipokezi cha DSIP hakijapatikana. Jeni yake pia haijapatikana, yaani ule ukurasa wa urithi ambao mwili ungesoma ili kuitengeneza. Insulini ina jeni inayojulikana na kipokezi kinachojulikana. Ndiyo maana daktari anajua kipimo, anajua madhara, anajua la kufanya ikizidi. DSIP ni neno la herufi tisa ambalo hatujui limeandikwa wapi wala nani analisikia. Mwaka 2006 watafiti wawili walioipitia historia yake yote waliiita, kwenye kichwa cha makala yao, kitendawili ambacho bado hakijateguliwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha mkanganyiko wote. Jina linasikika kama tokeo la utafiti, kumbe lilikuwa tumaini la siku ya ubatizo.

"Lakini kuna watu walijaribiwa!" Ndiyo, walijaribiwa. Miaka ya 1980 vikundi vidogo vya watu wasiopata usingizi vilidungwa DSIP kwenye mshipa, na taarifa za mwanzo zilitia moyo. Kisha likaja jaribio lililopangwa kwa ukali zaidi, lililochapishwa mwaka 1992: wagonjwa 16 wenye ukosefu wa usingizi wa muda mrefu, baadhi wakipewa DSIP na baadhi maji yasiyo na dawa, bila wao wala wapimaji kujua nani kapewa nini. Tofauti zilikuwepo, ila hafifu kiasi kwamba huenda baadhi zilikuwa bahati tu. Hitimisho la watafiti wenyewe lilikuwa kwamba matibabu ya muda mfupi kwa DSIP hayaelekei kuwa na faida kubwa kwa wagonjwa wa aina hiyo. Mtu akikuambia kampuni za dawa zimeificha DSIP ili ziuze vidonge vyao, mwambie haikufichwa. Ilichapishwa wazi, ikapimwa, ikaonekana dhaifu, watu wakaendelea na mengine.

Kwa nini basi rafiki wa rafiki anaapa kwamba alilala kama mtoto? Namwamini kwamba alilala. Usingizi ni kitu kinachosikiliza matumaini kuliko karibu kila kitu kingine mwilini. Aliyetoa dola 60, akazima simu, akajichoma kwa uangalifu, akalala chali akingoja, tayari amefanya mambo kadhaa yanayosaidia kulala kabla peptidi haijafanya lolote. Ndiyo maana kwenye majaribio ya usingizi waliopewa dawa bandia nao hupata nafuu, na ndiyo maana lazima wawepo wa kulinganisha nao. Saa za mkononi zinazotoa asilimia za usingizi mzito nazo haziwezi kuamua ubishi huu. Zinakisia kutokana na mapigo ya moyo na jinsi mkono unavyotulia. Hazisikii uwanja; zinahesabu magari yaliyoegeshwa nje.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba kitu hiki "ni cha asili, mwili wenyewe unakitengeneza". Kwanza, bila jeni kujulikana, hata hilo bado lina ubishi. Pili, uasili haujawahi kuwa cheti cha usalama, na sisi wa Katanga tunalijua hilo kila masika, akina mama wanapopanga uyoga kando ya barabara. Hakuna anayekula uyoga kwa sababu ni wa asili. Tunakula kwa sababu mama anayeuza anaujua. Uko uyoga wa Ulaya uitwao Amanita phalloides ambao sumu yake kuu inayoharibu ini ni peptidi pia. Ina asidi amino nane. Moja pungufu ya DSIP.

Tukiacha sayansi, kuna kichupa chenyewe. Maneno "kwa utafiti tu" si urembo. Ndiyo mlango ambao muuzaji anapitia ili asibebe jukumu la dawa: hakuna mkaguzi aliyeingia kiwandani, hakuna aliyethibitisha kwamba unga ule ni herufi tisa zilizoandikwa, kwa mpangilio ule, bila mabaki ya kemikali wala vijidudu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka DSIP kwenye kundi la vitu vyenye mashaka makubwa ya usalama, ambavyo famasi zinazochanganya dawa hazikutakiwa kuvitumia. Kati ya sababu ni uwezekano wa kinga ya mwili kuipiga vita, uchafu unaobaki wakati wa kuitengeneza, na uchache wa taarifa za usalama kwa binadamu. Si Marekani wala Umoja wa Ulaya iliyoiidhinisha kama dawa. Ongeza hapo hali ya kwetu. Unga ukishachanganywa na maji unataka ubaridi, na umeme ukikatwa mtaani frigo inabaki sanduku tu. Sindano ikitumiwa na wawili nyumbani inaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B, na hatari hiyo, tofauti na faida ya DSIP, imethibitishwa kabisa.

Nirudi Uswisi, maana hadithi ina ndugu wa pili. Wakati Basel ilikuwa inatafuta dutu, Zurich ilikuwa inatafuta hesabu. Mwaka 1982 Alexander Borbély alieleza kwamba usingizi unaongozwa na mambo mawili: saa ya mwili inayofuata mwanga na giza, na uzito unaokua kila dakika tuliyo macho na kupungua tunapolala. Na uzito huo unaonekana waziwazi katika mawimbi ya delta. Aliyekesha jana, leo atazama zaidi, bila kuchomwa kitu. Ubongo unalipa deni lake wenyewe, na unaanza na delta.

Wale mbwa wa Ishimori na Piéron hawakudanganya, basi. Kitu hujaa kweli. Mojawapo ya vinavyojaa ni adenosini, mabaki ya nishati ambayo seli zimetumia. Hii sikio lake linajulikana vizuri, na kila anayekunywa kahawa analijua bila kulijua, kwa sababu kafeini hukaa kwenye sikio hilo na kuliziba. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Anayekunywa kola saa kumi alfajiri ili amalizie posti, kisha akalala saa tatu asubuhi, amelala na masikio yamezibwa nusu.

Vidonge vya usingizi tulivyovizoea navyo havileti delta. Diazepamu, inayouzwa mtaani kama Valium bila hata karatasi ya daktari, humfanya mtu alale lakini hupunguza usingizi mzito. Lakini anayeitumia kila siku asiiache ghafla baada ya kusoma makala hii, kwani kuikata kwa mara moja kunaweza kuleta degedege. Aipunguze akiwa na daktari. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, na bia hulaza haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inakuwa vipandevipande.

Kinachozamisha usingizi hakiuziki kwa kichupa. Kuamka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, ili uzito ukue wa kutosha. Kuchosha mwili mchana. Chumba chenye giza na ubaridi kidogo, na hapo Lubumbashi tumebarikiwa, usiku wa Juni na Julai unatosha wenyewe, mradi mtu asiingize mbabula, jiko la makaa, chumbani, maana "usingizi" unaokuja hapo ni wa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila mwaka tunazika watu. Kwa ukosefu wa usingizi uliokomaa, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kuanza na mafunzo ya kubadili mazoea na mawazo kuhusu kulala, kabla ya dawa yoyote. Mojawapo ya mafunzo hayo huwashangaza watu: kupunguza muda wa kukaa kitandani, ili ule uliobaki ulalwe kweli.

Hayo nilimwandikia shemeji kwa ufupi. Akajibu kwamba yeye analala mchana, watoto wanapiga kelele, jua linaingia dirishani, na bado anaamka kichwa kinamuuma. Nikampigia dada yangu. Yeye ndiye aliyenipa habari ambayo hakuna kichupa kingeitoa: mume wake akilala chali hukoroma, kisha kimya kirefu, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini.

Wametundika blanketi zito dirishani. Kola sasa hainywi tena baada ya saa sita usiku. Na Jumanne iliyopita walikwenda wote wawili kwa daktari, ambaye swali lake la kwanza halikuwa kwa shemeji. Alimgeukia dada akamwuliza: "Hicho kimya, mama, huwa unahesabu hadi ngapi?"